Shangazi Ndunge na Kinanda cha Kuning'inia

Mpira wa gari ukikatwa kwa kisu kilichopashwa moto hutoa harufu ambayo haina ndugu. Si lami, si moshi, si nywele zilizoungua, ni kidogo ya zote tatu, na ikishaingia puani inakaa huko mpaka kesho yake. Juzi niliisikia jikoni mwangu mwenyewe, na aliyekuwa anakata ni mimi.

Mjukuu wangu Mwende, yule anayefanya kazi Syokimau, alikuwa ameniletea mtambo wa mziki. Spika mbili ndogo na moja kubwa inayonguruma kama fahali aliyefungiwa zizini. Akaziweka juu ya kabati la vyombo, akawasha, na gilasi zangu zote zikaanza kugonganisha meno. "Pole Susu," akasema, yaani bibi kwa Kikamba, "nitakununulia stendi yake." Nikamwambia wacha pesa zako zilale. Nikachukua akala moja kuukuu, kiatu cha mpira wa gari, ile ya mguu wa kushoto, nikaikata vipande, nikaweka kimoja chini ya kila pembe ya ile fahali. Gilasi zikanyamaza. Mwende akaniangalia, akaangalia gilasi, akaniangalia tena.

"Susu, hii umeona kwa simu ya nani?"

"Simu gani? Hii ni ya baba yangu," nikamwambia, na nikaketi, kwa sababu ile harufu ilikuwa imeshanishika mkono na kunirudisha Kalama, kwenye nyumba ambayo siku hizi haina hata mlango.

Mnivumilie, nitaenda polepole. Mambo ya utoto hayapendi kukimbizwa. Ukiyakimbiza yanajificha chini ya ghala kama vifaranga.

Nyumba yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, na mbele yake matuta yalishuka moja baada ya lingine hadi kwenye mto wa mchanga, mto ambao maji yake huyaoni mpaka uyachimbe. Bati la nyumba lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, kwa sababu lilikuwa limeezeka nyumba nyingine kabla ya yetu. Jumapili mchana, tukishatoka kanisani, jua lilipita kwenye yale matundu likadondosha vitone vya mwanga sakafuni, na vumbi likawa linapanda na kushuka ndani yake bila haraka. Mimi nilidhani kila nyumba duniani ina mwanga wa namna hiyo. Niliwahurumia baadaye watu wenye bati jipya.

Baba yangu, tuliyemwita nau kama Wakamba wanavyomwita baba, alikuwa fundi wa kujenga huko Athi River. Aliondoka Jumatatu kabla jogoo hajakohoa, akarudi Jumamosi jioni na saruji kwenye nyusi. Jumamosi moja alirudi amebeba kitu kimefunikwa kwa blanketi, amekikumbatia kwa mikono miwili. Mwaitu, yaani mama yangu, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Nduku," akasema, na Nduku ndiye mimi, "kama huyo ni mtoto, mrudishe kwa mamake."

Hakikuwa mtoto. Kilikuwa kinanda. Siku hizo tukisema kinanda tulimaanisha mashine ya kupigia santuri, na santuri zenyewe tuliziita sahani. Lilikuwa sanduku la rangi ya maini, na mshikio kama wa begi, likila betri nene kama makopo ya maziwa. Ukifungua kifuniko unaona pale pa kuzungushia sahani na mkono mwembamba wenye sindano. Spika yenyewe ilikaa ndani ya kile kifuniko, nyuma ya kitambaa kilichofumwa wazi wazi. Kifuniko kilisimama wima nyuma ya sanduku kwa bawaba mbili, na waya mweusi ukakiunganisha na sanduku. Nau alisema kifuniko kisiguswe na mtu. Hatukukigusa. Tulikipita kwa mbali kama watu wanaopita karibu na mzinga wa nyuki.

Akakiweka juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe. Mungu amrehemu, kwa mawe alikuwa fundi hodari, lakini kwa mbao alikuwa kama sisi wengine. Meza ile ilikuwa na miguu minne, na mitatu tu ndiyo iliyoelewana.

Sasa, wale ambao hamjawahi kuishi na sindano ya kinanda, niwaambie: sindano ni kama bibi harusi wa siku ya kwanza. Kitu kidogo tu, imekasirika. Mtu akikanyaga vibaya, inaruka. Mlango ukigongwa, inaruka. Mwaitu akitwanga muthokoi huko uani, yale mahindi yetu ya kukobolewa kwa mchi, kila mchi ulipotua kinuni ardhi ilitikisika, meza ikasikia, na mwimbaji akaruka mstari mzima kama mbuzi anaruka mtaro. Na ikiruka inakwaruza, na sahani ikishakwaruzwa haiponi.

Basi nyumba ikawa kanisa la pili. Sahani ikizunguka, ulitembea kwa vidole, mikono mbele, kama mwizi wa mayai. Kutwanga kukakatazwa. Kukohoa kukakatazwa. Na kucheza? Hata usitaje. Nyinyi mnajua Mkamba akisikia ngoma, mabega yanaondoka yenyewe kabla hujayapa ruhusa. Lakini kwetu watu walikaa kwenye benchi wameyabana mabega yao kama watu wenye baridi. Jirani yetu Mama Wayua alikuja mara moja, akavumilia nyimbo mbili, akatoka nje akasema kwa sauti ya kufika mtoni:

"Kwa kina Nduku mziki unasikilizwa kama wosia wa marehemu! Mimi narudi kwa mbuzi wangu, angalau wao wanatikisa mkia."

Kulikuwa na sahani moja tuliyoipenda kuliko zote. Mtu mmoja na gitaa lake, na nyuma yake ngoma nzito inayotembea kama mama mnene kwenye daraja la mbao. Huyo mtu alikuwa amepotelewa. Aliuliza kila aliyekutana naye njiani, aliuliza mchungaji, aliuliza wanawake kisimani, sauti yake imejaa machozi, na pale pale alipotaka kutaja ni nani aliyepotea, ngoma iliingia kwa nguvu zake zote, kinanda kikatetemeka chenyewe, sindano ikaruka, na tukamkuta huko mbele akimshukuru Mungu kwa kurudishiwa. Kurudishiwa nani? Hakuna aliyejua. Mwaitu alisema ni mke. Nau alisema mwanamume halii hivyo kwa sababu ya mke, lazima ni mtoto. Walibishana hata wakila.

Sasa niwaletee shangazi yangu Ndunge, kwa sababu yeye ndiye habari yenyewe.

Alikuwa dadake nau, anamfuata. Alipokuwa msichana alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Kabla ya hapo, waliniambia, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye mwethya, vile vikundi vya kuchimba matuta pamoja, na majembe ya watu wote yalipanda na kushuka kwa sauti yake. Mimi sikuikuta sauti hiyo. Niliyoikuta ilikuwa kubwa na bapa, ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde hata kama umekaa kando yake, na hakuitumia mara nyingi. Aliishi kwetu. Tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye nje, na mgongo wake ulikuwa na joto la jiwe lililoota jua. Watu hawakumtukana, hapana. Walimpita tu kwa maneno, kama unavyolipita jiwe la mlangoni. Nau mwenyewe alimwonyesha kwa mkono: maji, mbuzi, kuni, akaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa katani. Aliziloweka nyuzi, akazianika, akazisokotea pajani kwa kiganja, mkwaruzo wake ukiwa kama wa mtu anayenyoa ndevu, na akasuka viondo, vile vikapu vyetu. Viondo vya shangazi yangu vilijulikana mpaka sokoni mjini Machakos. Wanawake wengine walipanga mistari yao sawasawa, mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe. Vya shangazi Ndunge vilikuwa na mistari isiyotabirika, myembamba, myembamba, halafu mmoja mnene mweusi, halafu kimya cheupe kirefu, na bado ukikiangalia kiondo kizima ulihisi kwamba hakuna hata uzi mmoja uliokosea njia.

Jumapili, sisi tukiwa kwenye benchi na mabega yetu yaliyobanwa, yeye alikaa chini, mgongo wake kwenye mguu wa meza, ule mguu mbaya, akisuka. Tulidhani anaegemea tu. Siku moja benchi lilijaa, nikaenda kukaa naye, na usingizi uliponijia nikalaza shavu kwenye ule mguu wa meza. Aiya! Wimbo ukaniingia kwa mfupa. Sikusema niliusikia, nimesema uliniingia. Ile ngoma nzito ilishuka kwenye mbao ikapita kwenye taya langu kama siafu wanaotembea kwa mpango, na gitaa likawa linawasha juu yake kidogo kidogo. Nikafungua macho, nikaona kiganja cha shangazi kikisokota pajani: kinaenda na ngoma. Ngoma ikapumzika, kikapumzika. Ngoma ikarudi, akavuta uzi mweusi.

Mistari yote ile. Kiondo kizima kilikuwa wimbo, na sisi tulikuwa tunabebea viazi ndani yake.

Nilimkimbilia mwaitu. "Shangazi anasikiliza kwa mgongo!"

Mwaitu alicheka mpaka akashika ukuta. "Vizuri. Na mimi kesho nitakula kwa kisigino."

Nikamwambia nau. Yeye hakucheka. "Ndunge hasikii hata radi," akasema. "Atasikia nini cha kinanda? Usimfanyie shangazi yako mchezo."

Siku hizo mtoto aliongea mara moja.

Na ndipo nau alipoanzisha vita vyake na kutetemeka. Hakuwa na pesa za kununua dawa ya kinanda, kama iliuzwa mahali, lakini alikuwa na mikono, na mikono ya fundi haijui kupumzika. Kwanza alikunja magunia akayaweka chini ya sanduku. Panya wakahamia humo, wakazaa. Akayatupa. Halafu akakata akala zake mwenyewe, akaweka vipande chini ya miguu ya meza na vingine chini ya kinanda, na ile harufu ya mpira na kisu moto ikajaa nyumba siku nzima. Hiyo ilisaidia. Akaweka senti ya shimo juu ya mkono wa sindano ili ikae chini kwa adabu, lakini mwaitu akamwambia sindano sasa inalima, ona unga mweusi unaotoka kwenye sahani, akaitoa.

Halafu akaleta mchanga. Mchanga wa mtoni, tuliuchekecha kama unga, akajaza karai, akaweka ubao juu yake, na kinanda juu ya ubao. Mchanga unameza kishindo, alisema, muulize mtu yeyote aliyeangusha nyundo mtoni. Ni kweli ulikimeza. Ila kuku wetu mweupe akaona amejengewa hoteli. Kila tukienda shambani alikuja kuoga humo, na Jumapili moja nau aliinua ubao mbele ya mwalimu wa kanisa akakuta yai.

Kila dawa ilipoingia, mimi nilimwangalia shangazi. Kwenye akala alisogea karibu zaidi na mguu wa meza. Kwenye mchanga aliugandamiza mgongo wake mpaka nikaona alama kwenye ngozi yake jioni alipovua nguo. Wimbo wake ulikuwa unapungua kama maji ya Septemba.

Dawa ya mwisho ilikuwa kamba. Nau alimwendea shangazi, akamwonyesha kwa mikono: ndefu hivi, nene kama kidole gumba, nne. Si mara nyingi nau alimwomba dadake kitu. Shangazi alizisokota kwa furaha, wiki nzima, akiniita nimshikie ncha, na hakuna kamba zilizowahi kusokotwa vizuri kama zile. Nau akazifunga kwenye boriti, akaning'iniza ubao, akaweka juu yake jiwe bapa la mtoni ili uzito uutulize, halafu vipande vya mpira, halafu kinanda. Kikaning'inia katikati ya nyumba kama wavu wa kuwekea maziwa, hakigusi meza, hakigusi ukuta, hakigusi mtu.

Kilifaulu. Ah, kilifaulu! Mwaitu alitwanga muthokoi mlangoni kabisa na sindano haikujali. Nau akasema kwa kiburi chake kidogo, "Haya. Chezeni." Mama Wayua aliitwa, akaja na mabega yake yote, na vumbi likapanda mpaka kwenye bati. Ni ile sahani moja tu iliyobaki na ugonjwa. Pale ngoma ilipoingia, sindano bado iliruka, na aliyepotea akabaki kupotea. Lakini nani alijali? Tulikuwa tunacheza.

Shangazi alikuwa amekaa chini mahali pake, mgongo kwenye mguu wa meza. Juu ya meza kulikuwa na taa tu.

Nilimwona akijisogeza. Akaweka kiganja kwenye mguu wa meza. Akakiweka sakafuni, lakini sakafuni kulikuwa na miguu yetu tu, kila mmoja na kishindo chake. Akaangalia sahani inazunguka. Akatuangalia sisi, midomo wazi, tunacheka. Baadaye sana alikuja kuniambia alidhani kinanda kimekufa, na kwamba sisi tunajifanya kusikia ili kumcheka. Aliinuka, akatundika kiondo kwenye msumari kikiwa nusu, akatoka akaenda kukaa na mbuzi. Jumapili iliyofuata hakuingia kabisa. Katani zikakauka zikawa ngumu kama ndevu za mzee.

Binamu ya nau, Mzee Kyalo wa Kivaa, alikuwa na mazoea ya kupita kwetu, na kila akipita alimtaka shangazi aende kwake amsaidie mkewe na watoto na mbuzi. Alionyesha kwa vidole urefu wa watoto, kila mmoja, na shangazi alitikisa kichwa akicheka. Ilikuwa kama mchezo wao. Safari hii Mzee Kyalo hakuwa hata amemaliza kuonyesha mtoto wa pili. Shangazi alisimama, akasema kwa ile sauti yake ya bondeni:

"Nitaenda."

Mwaitu akamshika mkono, akamuuliza kwa macho. Shangazi akarudia. Nau alisema, "Ni mtu mzima, ameamua," na ikapangwa kwamba Mzee Kyalo atamchukua Jumapili inayofuata. Wiki ile nililala nimemshika nguo. Kwa mtoto wa umri wangu Kivaa ilikuwa kama mbinguni: watu walienda, wakasemwa vizuri, na hawakurudi.

Jumapili ikafika. Yule kuku mweupe akachinjwa kwa heshima ya mgeni. Shangazi alikula kidogo, akakaa mlangoni juu ya kizingiti, furushi lake kati ya miguu, uso nje. Mzee Kyalo alikuwa anaangalia jua, kwa sababu basi halikumngoja mtu. Nau akasema tumuage mgeni kwa wimbo mmoja, akaweka ile sahani ya mtu aliyepotelewa.

Nyumba ilikuwa tulivu, shibe imewashika watu. Vile vitone vya mwanga vilikuwa vimetambaa hadi kwenye benchi, na kinanda kilining'inia kwenye kamba zake kama kitu cha ndotoni, kikizunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Nilikiangalia. Na nikaona kile kitambaa cha kifuniko, pale mbele ya spika, kinatetemeka. Kidogo sana, kama ngozi ya ng'ombe nzi akitua.

Sikufikiri. Nilimwendea shangazi, nikamvuta mkono, akaja kwa mshangao tu. Nikapanda benchi. Nikachukua kiganja chake nikakibandika kwenye kile kitambaa.

"Nduku!" Nau alikuwa ameshasimama. "Toa mkono! Nduku, nitakuchapa mpaka usahau jina!"

Shangazi hakusikia, na mimi nilijifanya sijasikia. Nilikuwa naangalia uso wake. Sijui niwaambie vipi. Mmewahi kumwona mtu akichimba mchangani, anachimba, anachimba, halafu mchanga unabadilika rangi? Ulikuwa hivyo. Akabandika na mkono wa pili. Halafu, taratibu, kama mtu anayeepua sufuria iliyojaa, akakiinua kile kifuniko juu, bawaba zikaachia, akarudi nyuma hatua moja, waya ukanyooka, akakaa sakafuni, akakikumbatia.

Mwaitu akafunga macho. Nau akamwendea, mkono mbele, vidole vyake vya saruji vimefunguka kukinyakua. Na hapo ndipo wimbo ulipofika mahali pake. Ngoma ikaingia kwa nguvu zake zote.

Sindano haikuruka.

Ilikuwa peke yake kule juu, jamani. Yule aliyekuwa akiitikisa, spika mwenyewe, alikuwa amehamia kwenye mapaja ya shangazi. Kwa mara ya kwanza tangu kinanda kije kwetu, yule mtu wa gitaa alimaliza sentensi yake. Na aliyepotea, aliyeulizwa kwa mchungaji na kisimani, aliyeliliwa kwa machozi yote yale, alikuwa baiskeli.

"Baiskeli?" akasema mwaitu. "Baiskeli!" Akaangukia benchi. Mzee Kyalo akacheka mpaka kofia ikamtoka. Hata nau, mkono ukiwa bado hewani, mdomo ulimcheza.

Lakini hakucheka. Aliangalia ubao wake na kamba zake. Aliangalia kifuniko. Halafu akamwangalia dadake, na nadhani hakuwa amemwangalia hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu mabega yake yalikuwa yanacheza. Yale mabega, macho amefumba, ndani kabisa ya ngoma, hata nukta hayakuikosa. Halafu akaimba. Haukuwa ule wimbo wa baiskeli, angeujuaje? Ulikuwa wimbo wa mwethya, wa kuchimba matuta, aliokuwa nao kichwani tangu kabla ya homa, na sauti ilikuwa kubwa na bapa na imepinda kidogo, na ilikaa juu ya ile ngoma kama kifuniko cha chungu chake. Nau akaketi chini, pale pale alipokuwa, sakafuni.

Mzee Kyalo akaokota kofia. "Sasa basi litatuacha. Mwambieni twende."

Hakuna aliyejisogeza.

"Nimesema mwambieni."

"Si umwambie mwenyewe," akasema mwaitu. "Mdomo unao."

Mzee Kyalo akamsimamia shangazi, akainua mkono amguse bega, bega likampita likienda na ngoma. Akaurudisha mkono mfukoni. "Wacha nikatafute mtu mwingine," akasema. "Huyu yuko kazini." Akaenda zake, na mwaitu akamkimbizia paja la kuku kwenye jani la mgomba.

Sahani ilipokwisha, shangazi alifungua macho, akaona kofia haipo. Akaniangalia mimi, akaonyesha furushi kwa kidevu. "Rudisha kitandani," akasema, na pengine nusu ya Kalama ilisikia.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili, nau aliweka sahani, akakitoa kifuniko kwenye bawaba, akampelekea dadake. Wageni wakiuliza, alisema ni kwa ajili ya sindano. Spika na sindano wakilala kitanda kimoja watapigana mateke, kila fundi anajua. Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, na mimi nilimwamini. Nilisononeka hata. Nilitaka aseme kwamba niliyomwambia kuhusu mgongo yalikuwa kweli, na kwamba aliyasikia. Hakusema. Hakumwomba dadake msamaha, wala hakujifunza ishara zaidi ya zile za maji, mbuzi na kuni. Nikakua nikijua kwamba baba yangu alipenda sana sahani zake.

Niliolewa Mwala. Nilipoleta mtoto wangu wa kwanza nyumbani aonwe, kinanda kilikuwa kimekufa zamani, na nau alikuwa amenunua redio ya kaseti, ya plastiki, haina sahani, haina sindano, hata ungeitupa ukutani ingeendelea kuimba. Tulikuwa tumetoka kanisani. Shangazi alikuwa amekaa uani kwenye kivuli cha ghala, miguu imenyooshwa, katani pajani. Nau, mvi kichwani, akaweka kaseti, akabonyeza, akasubiri ngoma iingie. Halafu akavuka uani na redio yake ikiimba, akaiweka mapajani mwa dadake, akairekebisha ikae vizuri, akarudi kuketi nami kwenye benchi, mbali, mahali ambapo hata mimi nilisikia nusu tu. Na yeye wakati huo masikio yalikuwa yameanza kumtoroka.

"Nau," nikamwambia karibu na sikio, "hiyo haina sindano."

"Najua," akasema.

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimechelewa, lakini wengine hawaelewi kabisa, wanazika wazee wao wakiwa bado wanawangoja waseme. Nilikuwa nimesubiri neno kwa mtu ambaye maneno yake yote yalikuwa mikononi, na kila Jumapili ya utoto wangu alikuwa akilisema mbele yangu.

Nikataka kumuuliza kama kutoka hapo anasikia chochote. Nikaona haiangalii redio. Alikuwa anaangalia mabega ya dadake, na mguu wake ulikuwa unafuata.